Kati ya Taarifa na Madai

Tarehe 24 Julai 2001, Larry Silverstein, mfanyabiashara wa majengo wa New York, alikabidhiwa World Trade Center kwa mkataba wa upangaji wa miaka 99 wenye thamani ya dola bilioni 3.2. Yeye na washirika wake waliyakatia majengo hayo bima ya dola bilioni 3.55 kwa kila tukio, wakaigawa kwa kampuni zaidi ya ishirini. Wiki saba baadaye, asubuhi ya Septemba 11, ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini. Dakika 17 baadaye ya pili ikagonga mnara wa kusini. Minara yote miwili ikaanguka.

Watu wa bima walipoketi mezani, hakuna aliyebisha kwamba hasara imetokea. Walibishania hesabu. Je, hayo yalikuwa mashambulizi mawili, au shambulizi moja lililofanywa kwa ndege mbili? Kama ni tukio moja, Silverstein alipwe dola bilioni 3.55. Kama ni mawili, alipwe mara mbili yake.

Lililozidisha ugumu ni kwamba siku ile kampuni nyingi zilikuwa bado hazijatoa hati kamili ya bima. Zilikuwa zimetoa hati za muda tu, huku mazungumzo kuhusu maneno ya mkataba yakiendelea. Dalali wa bima, kampuni ya Willis, alikuwa amesambaza rasimu iliyosema kuwa hasara zote zenye chanzo kimoja, au mfululizo wa vyanzo vinavyofanana, zihesabiwe kuwa tukio moja. Kampuni ya Travelers ilitaka itumike rasimu yake yenyewe, ambayo haikueleza popote maana ya tukio. Mwaka 2004 kesi ikafika mbele ya majopo mawili ya raia, kwa desturi ya mahakama za Marekani. Jopo la kwanza lilikuta kwamba kundi kubwa la kampuni lilikuwa limefungwa na rasimu ya Willis, kwa hiyo kwao lilikuwa tukio moja. Jopo la pili, mwezi Desemba, likaamua kuwa kwa kampuni nyingine tisa yalikuwa matukio mawili. Mvutano ulikwisha Mei 2007, jumla ya malipo ikiwa imefika dola bilioni 4.55.

Siku ilikuwa moja na majengo yalikuwa yale yale. Majibu yalitofautiana kwa sababu karatasi zilitofautiana.

Mwenye gari lililobonyea mlango kwenye foleni ya Mwenge, au mwenye duka lililoungua Gikomba, hana mabilioni ya kugombania. Lakini swali analokutana nalo ni lile lile. Kampuni ya bima haifidii hasara kwa kuwa ni kubwa au inaumiza. Inafidia hasara inayoingia ndani ya maneno iliyoyauza. Mwenye bima anayeyajua maneno hayo kabla ya kufungua madai anaingia mazungumzoni akiwa na msimamo. Asiyeyajua huyasikia kwa mara ya kwanza yakisomwa na upande wa pili, tena ndani ya barua ya kumkatalia.

Haraka na utulivu

Ushauri wa kusoma kwanza huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina msingi. Karibu kila mkataba wa bima unataka kampuni ijulishwe mapema: mara moja, au ndani ya siku chache zilizotajwa. Anayechelewa anaweza kukosa fidia hata kama hasara yake ilikuwa halali kabisa. Basi atasoma saa ngapi?

Jibu liko katika kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyafanya kwa simu moja. Kuna kutoa taarifa, na kuna kudai fidia. Taarifa inasema kilichoonekana: gari namba fulani limegongana na lori, mahali fulani, saa fulani, polisi wamefika, majeruhi wako hospitali fulani. Madai yanasema kinachotakiwa: tunaomba kiasi hiki, kwa hasara hii, chini ya kifungu hiki. Taarifa haingoji. Madai yana fomu yake, vielelezo vyake na muda wake. Usomaji wa hati una nafasi yake hapo katikati, nayo mara nyingi ni saa chache za jioni ya siku ile ile.

Tatizo hutokea mtu anapotoa taarifa na kuongeza dhana zake juu yake. Chukua nyumba iliyojaa maji. Bima nyingi za nyumba hufidia bomba lililopasuka ghafla, hazifidii unyevu uliopenya taratibu kwa miezi, na mafuriko ya mvua au mto huyaweka kwenye kifungu chake au huyatoa kabisa. Mwenye nyumba aliyetaharuki anapiga simu na kusema "mafuriko," ingawa bado hajajua maji yametoka wapi. Neno hilo linaandikwa kwenye faili. Fundi akija kesho yake na kukuta bomba lililopasuka ukutani, itabidi ieleweke kwa nini maelezo yamebadilika. Mwenye nyumba alipaswa kusema alichokiona: maji yameingia sebuleni, chanzo hakijajulikana, fundi ameitwa. Hakuna uongo hapo. Na uongo ni jambo la kukaa nalo mbali, kwa sababu maelezo ya udanganyifu katika madai yanaweza kuua hata sehemu ya madai iliyokuwa ya kweli.

Kuna kosa jingine la barabarani, la ukarimu. Madereva wawili wakigongana, watu hukusanyika, na baada ya dakika kumi mmoja anasema yaishe, nitakutengenezea. Mikataba mingi ya bima ya magari inamkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo kwa mtu mwingine bila ridhaa ya kampuni. Kumalizana kienyeji kunaweza kumwacha aliyeahidi akilipa peke yake hasara ambayo kampuni yake ingeibeba.

Stika si mkataba

Ukimuuliza mwenye gari Dar es Salaam kama ana bima, atakuonyesha stika au namba yake kwenye simu. Ni ushahidi muhimu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kuhakiki kwa namba ya gari au ya stika kama bima ni halali na inakwisha lini. Kenya nayo imehamia kwenye vyeti vya kidijitali vya bima ya magari vinavyohakikiwa kwa simu. Uhakiki huo ndio hatua ya kwanza baada ya ajali, kwa gari lako na kwa gari lililokugonga. Wakala asiye mwaminifu anaweza kupokea fedha bila kuzifikisha, na sheria haina huruma hapo: Kenya, kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinazuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada.

Lakini mfumo wa uhakiki unakuambia kwamba bima ipo. Hausemi inafidia nini. Hilo limegawanyika katika nyaraka nne: fomu ya maombi uliyoijaza, jedwali lenye jina lako, mali, kiasi na tarehe, kitabu cha masharti ya jumla, na karatasi za nyongeza zinazobadilisha masharti hayo. Wateja wengi hupewa stika na risiti tu. Nyaraka nyingine hubaki kwa wakala au dalali, na mteja ana haki ya kuziomba. Aziombe siku anapokata bima, azihifadhi nje ya jengo au gari lenyewe. Moto wa San Francisco wa mwaka 1906 uliunguza makao makuu ya kampuni ya bima ya Fireman's Fund pamoja na kumbukumbu zake. Wenye hati na kampuni yenyewe walilazimika kuanza kukusanya upya nani alikuwa na bima ya nini.

Jedwali husomwa kwanza kwa sababu ni fupi na hujibu mengi. Je, jina la mmiliki ni lako au bado ni la aliyekuuzia? Gari limeandikwa la matumizi binafsi wakati linabeba abiria wa Bolt kila jioni? Dereva ametajwa, au ni yeyote mwenye leseni halali? Bima ni ndogo au kubwa? Tofauti hii ya mwisho inafahamika mitaani lakini husahaulika siku ya ajali. Bima ndogo inawalinda wengine dhidi yako. Mwenye bima ndogo aliyepinda bampa lake mwenyewe hana madai ya kufungua, hata kama ada yake imelipwa mpaka senti ya mwisho. Na hata kwa hao wengine kuna kikomo: Kenya, chini ya sheria ya bima ya magari, Sura 405, fidia ya lazima kwa mtu aliyeumia au kufa haizidi shilingi milioni tatu.

Kisha kuna mipaka ya nchi. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Zambia, na dereva hubeba Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki ndani ya mpango huo wa bima. Kadi hiyo inalipia madhara ambayo lori limewasababishia wengine nje ya nchi, pamoja na gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Hailipii lori lenyewe wala shehena. Mwenye lori lililopinduka karibu na mpaka wa Kasumbalesa, aliyedhani Kadi ya Njano ni bima kubwa ya kimataifa, atafungua madai kwenye karatasi isiyo yake. Anachotakiwa kutafuta ni kama bima kubwa aliyoikata nyumbani ina nyongeza inayovuka mpaka, na kama shehena ilikatiwa bima yake.

Moto, maji, ghasia

Baada ya jedwali linakuja swali lililozaa kesi nyingi: hasara imesababishwa na nini?

Aprili 18, 1906, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri, tetemeko liliitikisa San Francisco. Mabomba ya gesi yakapasuka, ya maji pia, na moto ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Zaidi ya majengo 28,000 yaliangamia. Wenye nyumba wengi walikuwa na bima ya moto, na tetemeko halikuwamo. Habari hiyo ilienea haraka, na afisa mmoja wa jeshi aliripoti kuwa watu walikuwa wakizichoma wenyewe nyumba zilizobomolewa na tetemeko. Kampuni nazo zilikuwa na kifungu chao: jengo likianguka kwa sababu isiyo moto, bima ya moto inakoma papo hapo. Picha zikageuka ushahidi. Aliyekuwa na picha ya jengo lake limesimama huku moshi ukiukaribia mtaa alikuwa na madai yenye nguvu.

Malipo yalitegemea pia tabia ya kampuni. Cuthbert Heath wa soko la Lloyd's, London, alimtumia wakala wake simu ya maandishi akimwagiza awalipe wateja wote kikamilifu bila kujali masharti ya hati zao, na jina la Lloyd's likakua Marekani. Kampuni nyingine ziliwapa wateja senti 75 kwa kila dola. Kampuni kadhaa za Ujerumani na Austria zilikataa kabisa.

Karibu karne moja baadaye mgogoro ule ule ulirudi, safari hii kati ya upepo na maji. Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Ghuba ya Mexico Agosti 29, 2005. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hufidia upepo na huyaacha mafuriko, ambayo yana mpango wake wa serikali ulioanzishwa 1968, wenye kikomo cha dola 250,000 kwa jengo la makazi na 100,000 kwa vitu vya ndani. Mahali ambapo nyumba ilibaki msingi mtupu, nani aseme kama iliondoka na upepo wa asubuhi au na mawimbi yaliyofuata? Miongoni mwa waliobishana na kampuni yao alikuwamo Trent Lott, seneta wa Mississippi, aliyepoteza nyumba yake ya ufukweni Pascagoula. Aliishitaki State Farm mwishoni mwa 2005, wakapatana mwaka 2007. Lott alikuwa mmoja wa wanasiasa wakubwa wa Marekani, na shemeji yake, aliyemwakilisha, alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za fidia. Wengi wa majirani zake hawakuwa na cheo wala wakili wa namna hiyo.

Afrika Mashariki na Kusini hasara yenye utata wa namna hii mara nyingi huja na kelele za watu. Bima ya kawaida ya mali hufidia moto, lakini moto uliowashwa katika vurugu za kisiasa au ugaidi kwa kawaida hutolewa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2007 na shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kampuni za Kenya zimekuwa zikiuza bima ya ghasia za kisiasa na ugaidi kama nyongeza inayolipiwa peke yake. Afrika Kusini ilichukua njia nyingine tangu 1979: hatari hiyo hubebwa na Sasria, kampuni ya serikali, na mteja huinunua kupitia kampuni yake ya kawaida. Julai 2021, maduka na maghala yalipoporwa KwaZulu-Natal na Gauteng, madai yaliyoifikia Sasria yalizidi randi bilioni 30, na hazina ya serikali ikabidi iiokoe. Mwenye duka Durban aliyeona mstari wa Sasria kwenye jedwali lake alijua apeleke madai kwa nani. Asiye na mstari huo alikuwa na bima ya moto, duka lililoungua, na jibu la hapana.

Kwa hiyo mwenye bima anasoma sehemu ya mambo yanayofidiwa, kisha sehemu ya yasiyofidiwa, kisha nyongeza, kwa mpangilio huo. Nyongeza inaweza kurudisha kilichoondolewa. Wanaoishia kwenye sehemu ya pili hukata tamaa mapema.

Bima isiyo na madai

Wafugaji wa Marsabit wana bima inayopindua utaratibu wote huu. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, yenye makao Nairobi, ilizindua huko pamoja na washirika wake bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo analipwa. Hakuna fomu ya madai, wala mtathmini anayekuja kuhesabu mizoga. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, katika ukame mkali. Takaful Insurance of Africa ikapeleka bima ya aina hiyo Wajir kwa kufuata misingi ya Kiislamu, na kuanzia 2015 serikali ya Kenya ikawa inawalipia ada baadhi ya wafugaji wa Turkana na Wajir kwa idadi ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano.

Hapa kusoma kabla kunahitajika zaidi, kwa sababu mkataba haumfidii ng'ombe aliyekufa. Mfugaji aliyepoteza wanyama kwa maradhi hana anachodai. Mwingine ambaye mifugo yake yote iko hai anaweza kulipwa, kwa kuwa malisho ya eneo lake yamekauka. Mpango wenyewe ulibadilishwa baadaye ili fedha zifike mapema, mfugaji anunue majani na maji kabla wanyama hawajafa. Anayeielewa bima hii kama fidia ya mizoga ataona amedhulumiwa, au atashangaa kupewa fedha asizozitarajia.

Hesabu kabla ya fomu

Tuseme hasara imo kwenye mkataba, ada imelipwa na muda haujaisha. Bado kuna kalamu na karatasi.

Eksesi, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima anajibebea, imeandikwa kwenye jedwali kama kiasi au asilimia. Taa ya nyuma ya shilingi 420,000 na eksesi ya 300,000 inaacha fidia ya 120,000. Upande wa pili kuna punguzo ambalo kampuni nyingi huwapa wateja waliomaliza mwaka bila kudai, na dai moja dogo linaweza kulifuta. Marekani historia ya madai ya mtu hukaa hadi miaka saba kwenye kanzidata iitwayo CLUE, ambayo kampuni huichungulia kabla ya kumpangia bei. Mwenye taa iliyovunjika anaweza kutoa taarifa kama mkataba unavyomtaka na asifungue madai kabisa.

Kinachowaumiza wafanyabiashara zaidi ni mali iliyokatiwa bima pungufu. Duka la vifaa vya ujenzi lina bidhaa za shilingi milioni 50, lakini mwenyewe, ili apunguze ada, aliandika milioni 30. Moto unaunguza bidhaa za milioni 10. Anatarajia milioni 10, kwa kuwa ziko chini ya kikomo chake. Lakini mikataba mingi ina sharti la uwiano: aliyekatia bima tatu ya tano ya mali yake anafidiwa tatu ya tano ya hasara. Anapata milioni sita, na eksesi bado haijatolewa. Akilijua hilo mapema, atakusanya ankara na kumbukumbu za ghala ili thamani halisi ya bidhaa siku ya moto ithibitishwe kwa nyaraka, isibaki kukisiwa na mtathmini.

Kisha arudi kwenye fomu ya maombi, maana kampuni nayo itairudia. Mzizi wa jambo hili ni kesi ya London ya mwaka 1766. Carter, gavana wa Fort Marlborough huko Bencoolen, Sumatra, aliikatia ngome bima dhidi ya kutekwa na adui kutoka nje. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Mtoa bima wake, Charles Boehm, akagoma kulipa, akidai Carter alimficha udhaifu wa ngome na uwezekano wa kushambuliwa. Jaji Mansfield alisema pande zote mbili zina wajibu wa kutofichana mambo, kisha akampa Carter ushindi: mtu wa bima London alijua vita vipo, na alichukua ada akijua. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika kampuni inapouliza kama uliwahi kulazwa, kama paa ni la makuti, kama gari hulala barabarani. Mwenye bima anayekuta kosa kwenye fomu yake ni bora alieleze mwenyewe pamoja na madai kuliko ligunduliwe na mpelelezi.

Barua ya kukatalia

Kusoma hati kuna faida nyingine inayoonekana pale kampuni inapokataa. Machi 2020 serikali ya Uingereza ilifunga baa, migahawa na maduka kwa sababu ya Uviko-19. Wenye biashara waligeukia bima ya kukatizwa biashara, na wengi wakajibiwa kuwa bima hiyo hufuata uharibifu wa mali, na virusi havikuvunja ukuta wa mtu. Lakini baadhi ya hati zilikuwa na nyongeza iliyotaja ugonjwa unaopaswa kuripotiwa kwa mamlaka, unaotokea ndani ya maili 25 za jengo. Msimamizi wa sekta ya fedha, FCA, alizipeleka mahakamani hati 21 za mfano za kampuni nane, akikadiria kuwa uamuzi ungegusa aina 700 hivi za bima na wateja wapatao 370,000.

Kampuni zilijenga hoja kwamba hata bila wagonjwa wa ndani ya maili 25, nchi ingefungwa tu kwa sababu ya wagonjwa wa kwingine. Januari 15, 2021, Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo: kila mgonjwa, wa ndani na wa nje ya mduara, alikuwa sehemu ya sababu ya kufungwa. Wateja wengi walioambiwa hapana wakawa na haki ya kuangaliwa upya.

Kanda ya Afrika Mashariki nayo ina milango ya kubisha bila kuanzia mahakamani. Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Kenya, malalamiko hupokelewa na mamlaka ya bima, IRA, na kifungu cha 203 cha sheria yake kinataka dai lilipwe ndani ya siku 90 tangu kuripotiwa. Ofisi zote hizo zitataka kitu kile kile kwanza: barua ya kampuni inayotaja kifungu ilichokitumia kukataa. Simu ya afisa inayosema "hii haimo" haitoshi. Kifungu kikitajwa, mwenye bima anaweza kukifungua na kuona kama kinasema kinachodaiwa kusemwa, na kama kuna nyongeza inayokipinga.

Uingereza, hukumu haikuwalipa wateja siku ile. Mwenye baa aliyekuwa na kifungu cha maili 25 alitakiwa bado kuonyesha kwamba ndani ya duara hilo, kabla ya tarehe ya amri iliyomfungia, alikuwapo angalau mgonjwa mmoja wa Uviko-19. FCA ikachapisha mwongozo na kikokotoo cha kukadiria wagonjwa kwa kila eneo. Wenye baa wakairudia hati, wakaandika umbali na tarehe zilizotajwa humo, wakaziingiza kwenye kikokotoo, na majibu yake wakayaambatanisha na fomu ya madai.